Cara Black na ufundi wa kucheza na mwenzako

Cara Black wa Zimbabwe alitwaa taji moja tu la WTA, ziara ya dunia ya tenisi ya kulipwa ya wanawake, akicheza peke yake, huko Waikoloa, Hawaii, mwaka 2002, na nafasi ya juu kabisa aliyoifikia katika orodha ya wachezaji wa mmoja mmoja ilikuwa ya 31. Akiwa na mwenzake uwanjani, alitwaa mataji 60 na kuongoza orodha ya dunia kwa wiki 163. Baadhi ya wazazi wa vijana ninaowafundisha tenisi huziona takwimu hizo kama za mtu aliyeshindwa penye ugumu akakimbilia penye wepesi. Mimi naona mtu aliyeuelewa mapema mchezo wake, kwa sababu tenisi ya wawili wawili ni kazi nyingine yenye ujuzi wake.

Tuanze na uwanja wenyewe. Mchezo wa mmoja mmoja huchezwa ndani ya upana wa mita 8.23, na wa wawili wawili ndani ya mita 10.97. Kwa kuwa wachezaji wawili hugawana upana huo, kasi ya mbio si muhimu kama kujua ni nani anayeuchukua mpira uliopita katikati. Anayeanzisha mpira hatafuti sana pointi ya moja kwa moja. Hutafuta mahali pa kuupeleka mpira ili urudi ukiwa dhaifu, na mwenzake aliyesimama karibu na wavu aukate kabla haujadunda. Anayepokea naye hulazimika kuurudisha chini, miguuni mwa mpinzani anayesogea mbele. Mikono ya haraka na macho yanayosoma mapema huzaa matunda kuliko urefu na misuli, na Black hakuwa mrefu.

Ujuzi huo aliupata nyumbani. Baba yake, Don Black, aliyecheza Wimbledon miaka ya 1950, alitengeneza viwanja vya nyasi katika shamba la familia nje ya Harare. Juu ya nyasi mpira hudunda chini na kuteleza, hivyo mtoto anayelelewa hapo hujifunza kwenda mbele kwenye wavu mapema, tofauti na anayelelewa kwenye udongo, ambako mipira mirefu ya nyuma ndiyo hushinda. Kaka zake, Byron na Wayne, wote walitwaa mataji ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi (Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open), katika mchezo huohuo wa wawili wawili, na Cara mwenyewe alishinda na Wayne mashindano ya mseto, ya mwanamume na mwanamke upande mmoja, ya Roland Garros mwaka 2002 na ya Wimbledon mwaka 2004.

Sehemu ya kazi hii ambayo watazamaji hawaioni ni kumchagua mwenzi. Pointi za orodha ya ubora ni za mchezaji binafsi. Timu inapoomba kuingia mashindanoni, nafasi za wawili hao hujumlishwa, kwa hiyo kila mmoja hubeba thamani yake sokoni na anaweza kuondoka nayo. Mwaka 2004 Black alitwaa Wimbledon akiwa na Rennae Stubbs wa Australia, wakiwashinda katika fainali Ai Sugiyama na Liezel Huber, mzaliwa wa Durban. Mwaka uliofuata alilitwaa taji hilohilo akiwa na Huber yuleyule. Kisha akarudi kwa Stubbs, wakapoteza fainali ya mashindano ya kufunga msimu mwaka 2005 na tena 2006, mara zote mbele ya Lisa Raymond na Samantha Stosur. Mwaka 2007 alikuwa tena na Huber, wakashinda Australian Open na Wimbledon, na mwaka 2008 wakaongeza US Open.

Mfumo wa kuhesabu katika mashindano ya kawaida ya WTA ya wawili wawili hauna huruma: gemu ikifika 40-40, yaani pande zote zikiwa sawa, huamuliwa kwa pointi moja, na seti ya tatu, ya kuamua mshindi, hubadilishwa kuwa mbio za kufikia pointi 10. Fainali ya kufunga msimu ya Madrid mwaka 2007, Black na Huber waliishinda kwa 10-8 mwishoni. Wenzi wanaolaumiana baada ya pointi moja hawafiki huko, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo gumu zaidi kulifundisha.

Black alijifungua mwaka 2012, kisha akarejea na kucheza na Sania Mirza wa India. Mirza alikuwa na pigo kali la mkono wa kulia kutoka nyuma, lakini alihitaji mtu wa kufunga pointi mbele ya wavu. Singapore, mwaka 2014, waliwashinda mabingwa watetezi, Hsieh Su-wei na Peng Shuai, kwa 6-1, 6-0 katika fainali ya kufunga msimu. Baada ya hapo wakaachana, na katika msimu uliofuata Mirza akaungana na Martina Hingis, fundi mwingine wa wavu mwenye mikono laini kama ya Black. Kabla mwaka 2015 haujaisha wawili hao walikuwa wametwaa Wimbledon na US Open.