Roli za tishu za projekti: zitoke wapi, na ni nini mtoto asipewe

Muhula huu ofisi yetu ya afya ya umma hapa Nakuru imepata malalamiko mengi kuhusu zile roli za karatasi ngumu zinazobaki tishu ikiisha. Walimu wanaziitisha kwa projekti za CBC, ule mtaala wa umilisi, ujumbe unaingia kwa grupu ya wazazi saa tatu usiku, na kesho asubuhi mtoto anatakiwa awe nazo sita. Sasa kuna mzazi anasema shule inaleta magonjwa, mwingine anauliza kama atashikwa kwa kubeba taka, na kuna wale wanafungua tishu mpya, wanaizungusha yote kwa mkono na kuijaza kwa mfuko wa supamaketi ndio wapate roli. Jameni. Hiyo si kurecycle, hiyo ni kuharibu tishu.

Tuanze na sheria kwa sababu ndiyo inawatia watu wasiwasi bure. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka itengwe pale pale inapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando. Haimkatazi mtoto kubeba karatasi kavu kwenda shule. Kile kinaweza kukuletea shida ni mfuko uliotumia kuibeba, maana ile marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Agosti 28, 2017 na bado iko, faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ama kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, ama vyote viwili. Tumia kiondo, gunia ama boksi. Najua kuna watu wanasema hiyo ilishapita. Haijapita.

Kuhusu magonjwa, ofisi haisemi kila roli ina vijidudu, na pia haiwezi kusema hakuna. Roli kavu ya kwenu nyumbani, isiyo na doa, iliyokaa mbali na maji ya choo, hatari yake ni ndogo, mtoto anawe mikono kwa sabuni akimaliza kazi na mambo yameisha. Iliyolowa usikaushe, tupa, kwa sababu karatasi ngumu ikishika unyevu inaota ukungu hata kwa ndani ambako huoni, na kwa mtoto mwenye pumu hilo si jambo la kuchezea. Na tafadhali wacheni kurashia blichi, mnailowesha ndio iote ukungu vizuri zaidi, halafu mnatupigia simu mkiuliza mbona inanuka.

Ambako roli haifai kutoka ni Gioto, jaa la taka la hapa Nakuru, wala kwa pipa la hospitali. Hospitali inatenga taka kwa rangi, nyeusi ni ya kawaida, njano ni ya maambukizi, nyekundu ni ya maambukizi makali, lakini mtoto hajui hayo na hata wewe usijipe moyo na ile nyeusi, sindano moja iliyotupwa vibaya inatosha. Ukikosa za nyumbani enda kwa maduka ya vitambaa pale mjini uombe ile bomba kubwa ya karatasi iliyokuwa imezungushiwa kitambaa. Ni safi, ni ngumu, na moja ukiikata kwa msumeno inatoa vipande vya kutosha watoto kadhaa. Walimu wengi hawajawahi kufikiria hii na sielewi kwa nini.

Shule inayoweka roli nyingi iziweke juu ya meza ama rafu, si sakafuni, panya wanapenda sana hapo. Afisa akikuta rundo limekuwa makao ya panya ataandika notisi ya kuondoa kero chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Notisi inapewa aliyesababisha kero, asipopatikana inapewa anayetumia jengo ama mwenye jengo, inaandikwa kitu cha kufanywa na muda wa kukifanya, na muda ukiisha bila kazi kufanyika suala linaenda kwa hakimu. Mwalimu mkuu kusema zilikuwa za projekti haifuti notisi.

Sasa vifaa. Gluu ya fundi wa viatu isiguswe na mtoto hata kidogo, mvuke wake unaumiza ubongo, na sote tunajua ni nini vijana wanavuta hapa mjini. Pika uji mzito wa unga wa ngano, ongeza chumvi kidogo, unashika karatasi vizuri tu. Rangi ya mkebe wa zamani uliobaki kwa stoo baada ya kupaka geti pia hapana. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, cha madini ya risasi kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni, lakini mkebe wa miaka hiyo hakuna anayejua una nini, na mtoto atalamba kidole. Mtoto akitengeneza flamingo wa roli, kreyoni zinatosha kumpaka, miguu iwe njiti za mfagio.

Kayamba ya roli, ile inayojazwa maharagwe ndio ilie, ndiyo inatupa kazi. Maharagwe yakimwagika mtoto anaweka moja puani, linavimba kwa unyevu, na mzazi anajaribu kulitoa kwa pini. Usijaribu, mpeleke hospitali. Ziba pande zote mbili kwa karatasi na selotepu, na mwenye chini ya miaka 3 asipewe kabisa. Roli yenyewe ni kipimo, kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Betri ndogo za duara ni mbaya zaidi, ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2, usimtapishe, kimbia hospitali.

Muhula ukiisha msichome. Ambazo hazina rangi wala selotepu wape wanaokusanya maboksi, ama kata mikato upande wa chini, kunja iwe kitako, jaza udongo na upande sukuma wiki. Mche ukiwa tayari unapandwa na roli yake, ila zika mpaka ukingo wa juu, ukibaki nje unafyonza maji kutoka kwa mizizi na mche unakauka. Zenye rangi na selotepu ziende na taka ya kawaida.