Ozoni ya ardhini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Si tulifundishwa kwamba ozoni inatukinga na jua? Imekuwaje tena iwe sumu?

Gesi ni ileile, tofauti ni mahali ilipo. Tabaka la ozoni liko juu sana, takriban kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, na huko huzuia sehemu kubwa ya mionzi hatari ya jua. Ikiwa huku chini tunakopumua, huwasha na kuvimbisha njia za hewa.

Inatoka wapi?

Hakuna bomba linaloitoa moja kwa moja. Magari, viwanda na mitambo ya umeme hutoa oksidi za naitrojeni. Petroli, rangi na viyeyusho hutoa mvuke wa kemikali. Vitu hivyo vikichanganyika hewani na kupigwa na jua kali, ozoni hutengenezeka. Ndiyo maana asubuhi huwa kidogo, hupanda kadiri jua linavyopanda, na mara nyingi hufikia kilele alasiri. Upepo nao huisukuma mbali, kwa hiyo anayeishi nje ya mji, pasipo na foleni za magari, anaweza kuvuta ozoni nyingi kuliko aliye katikati ya mji.

Nitajuaje kama imenidhuru?

Kwa macho huioni. Anga linaweza kuwa la buluu kabisa. Sikiliza mwili: koo linawasha, kikohozi kikavu, kifua kinabana, na ukijaribu kuvuta pumzi ndefu unahisi maumivu. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya, hata kuishia hospitali. Usimwambie mtu wa namna hiyo avumilie. Atumie dawa yake kama alivyoelekezwa, na asipopata nafuu apelekwe kwa daktari haraka.

Nani yuko hatarini zaidi?

Watoto kwanza, na ni jambo linaloniumiza. Mapafu yao bado yanakua, wanavuta hewa nyingi kwa uzito wao, na saa za michezo mara nyingi huangukia alasiri. Halafu wazee, wenye magonjwa ya mapafu, na wanaofanya kazi za nguvu juani. Hata mkimbiaji mwenye afya njema huathirika, kwa kuwa anahema kwa nguvu.

Barakoa inasaidia?

Barakoa za kawaida huzuia vumbi, si gesi. Kinachosaidia ni saa: mazoezi na kazi nzito zifanyike asubuhi. Siku ambayo ozoni ni nyingi hewani, kaa ndani alasiri na ufunge madirisha, ila joto lisije likawa hatari kuliko hewa yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa ozoni hewani kwa saa nane usizidi mikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo. Na tafadhali, usinunue mashine inayotoa ozoni kwa madai ya kusafisha hewa ya nyumbani. Unajiletea gesi ileile chumbani.

Mazao nayo yanaumia?

Sana. Ozoni huingia kupitia vitundu vidogo vya majani na kudhoofisha uwezo wa mmea kujitengenezea chakula. Ngano, soya na maharage huathirika mno. Majani huota madoadoa, huzeeka mapema, na mavuno hupungua. Wakati mwingine mavuno hupungua bila jani kuonyesha dalili yoyote, na mkulima akalaumu mbegu au mvua.