Lianhua Qingwen: kupunguza dalili si kuua virusi

Kila msimu wa mafua swali ni lilelile: "Daktari, zile kapsuli za Kichina zinaua virusi?" Mimi ni mfamasia, lakini tuendelee.

Lianhua Qingwen ni mchanganyiko wa viungo 13, ulioidhinishwa China mwaka 2004 baada ya mlipuko wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na virusi. Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya huko iliruhusu itumike pia kwa UVIKO-19 usio mkali. Wauzaji wakaongeza madai ya kwao.

Utafiti uliovuma mwaka huo ulikuwa na wagonjwa 284. Waliopewa kapsuli pamoja na matibabu ya kawaida walipata nafuu baada ya takriban siku 7, wenzao baada ya 10. Lakini kila mgonjwa alijua anameza nini, na anayejua ameongezewa dawa huwa mwepesi wa kusema amepona. Kwenye vipimo vya virusi vyenyewe, makundi hayo hayakutofautiana kitakwimu. Hilo hulisikii kwenye matangazo. Utafiti wa 2023, wenye wagonjwa 860, ulilipa kundi la pili kapsuli za kuigiza zisizo na dawa, bila wagonjwa kujua nani kapewa nini: dalili kuu zilipungua au kuisha baada ya siku 4 badala ya 6.7. Matokeo hayo nayaheshimu. Ila ni ya dalili, si ya kuua virusi.

Halafu kuna "ni majani tu, hayana madhara." Kiungo kimojawapo ni jasi, yaani jiwe. Kingine, mmea uitwao ma huang, kina efedrina, inayopandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo. Mzizi wa susi nao hupandisha presha na kushusha potasiamu. Dozi ni kapsuli 4 mara 3 kwa siku. Boksi la 24 linaisha kwa siku mbili. Mwenye presha anazidisha "ili ipone haraka", kisha anatushangaa.

Kuhusu matangazo: Novemba 2021 mamlaka ya Singapore ilikumbusha kwamba madai ya uongo kuhusu dawa hii yanaweza kumgharimu mtu faini hadi dola 5,000 za huko, kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Kwetu Tanzania, tangazo la dawa huombewa kibali kabla halijatoka, hata la kwenye simu.

Ukipata madhara, acha kumeza, nenda kituo cha afya, na utoe taarifa: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, ulikonunua, dawa nyingine unazotumia. Njoo na boksi lenyewe. Picha iliyopigwa gizani haisomeki.