Lami ya gesi ya kuni: kabla ya kuhesabu gramu, uliza itaganda wapi

Nikifungua injini iliyokwama vali kwa lami, mara nyingi nakuta aliyejenga mtambo wa kugeuza kuni kuwa gesi ya kuendesha injini alijua lami ni kiasi gani, ila hakujua itaganda kwenye nyuzi ngapi.

Lami hapa ni misombo yote iliyo mizito kuliko benzeni, inayotoka kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha. Gesi ikiwa moto, lami ni mvuke na hupita zake. Ikipoa hadi kiwango cha umande, mvuke hugeuka matone, matone hunasa vumbi, na bomba huziba. Misombo yenye pete nyingi za kaboni ndiyo hatari zaidi: hata miligramu 1 kwa mita ya ujazo hupandisha kiwango hicho juu ya nyuzi 100 za Selsiasi.

Tanuri ambalo gesi hutokea juu hutoa takriban gramu 50 kwa mita ya ujazo. La gesi kushuka chini, karibu gramu 1. Injini huvumilia kama miligramu 100. Kwa hiyo kuchagua tanuri tayari ni kusafisha.

Wengi hukimbilia kuosha gesi kwa maji, nami nawasihi wasifanye haraka. Naftalini, sehemu mojawapo ya lami, karibu haiyeyuki majini. Fenoli, sehemu nyingine, huyeyuka, na hapo unabaki na gesi safi kiasi pamoja na pipa la maji yenye sumu yasiyofaa kumwagwa popote. Lami huyeyuka vizuri kwenye mafuta. Mtambo wa Güssing, Austria, uliosha gesi kwa dizeli ya mbegu za rapa, kisha mafuta yaliyojaa lami yakachomwa humo humo mtamboni. Mpango huo naupenda sana: uchafu unarudi kuwa joto.

Vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha kuvunjika kwa lami, navyo vinasaidia. Nikeli huvunja lami vizuri, lakini salfa huiua. Jiwe la dolomaiti ni la bei rahisi, ila husagika. Madini ya olivini ni magumu zaidi.

Mlinzi wa kwanza, hata hivyo, ni makaa yenyewe. Lami ikipita katika tabaka nene la makaa mekundu huvunjika. Kuni mbichi hulipooza tabaka hilo, basi unyevu usizidi asilimia 20. Na unapowasha tanuri, gesi ya mwanzo ichome nje. Isiguse injini kabla makaa hayajashika moto sawasawa, kwani dakika hizo chache huingiza lami kuliko saa nyingi za kazi.