Tozo ya teksi mtandao kwa ajili ya usafiri wa umma: dhana na ukweli

Dhana: Tozo inayoongezwa kwa kila safari ya teksi mtandao (gari linaloitwa kwa programu ya simu) ikipita, fedha zinakwenda kwenye mabasi na treni.

Zinakwenda pale sheria inapozipeleka. Isipotaja mfuko maalumu, zinaingia mfuko mkuu wa jiji, na huko hakuna anayeziona tena. Mwaka 2018 Chicago, jiji la Marekani, iliongeza senti 15 za dola kwa kila safari na kuzielekeza moja kwa moja kwa CTA, shirika la treni na mabasi la jiji hilo. Mwaka 2020 jiji hilohilo lilipandisha tozo kwa kiasi kikubwa zaidi, lakini mara hii sehemu kubwa ililenga kuziba pengo la bajeti ya jiji. Massachusetts nayo, jimbo la Marekani, kwa sheria ya 2016, iligawa senti 20: senti 10 kwa mji ilikoanzia safari, 5 kwa mfuko wa uchukuzi wa jimbo, na 5 kusaidia teksi za kawaida. Ajabu ni kwamba mabishano mengi huwa juu ya kiwango, ilhali kifungu cha mgawanyo ndicho cha kusomwa kwanza.

Dhana: Tozo hiyo itatosha kuendesha mtandao mzima wa mabasi na treni.

Haitoshi hata kidogo. Piga hesabu: safari milioni 100 kwa mwaka, kila moja senti 15, ni dola milioni 15. Bajeti ya uendeshaji ya CTA mwaka 2018 ilizidi dola bilioni 1.5, yaani tozo ni kama asilimia 1. Ndiyo maana Chicago haikuitumia kulipa mishahara, bali iliifanya dhamana ya hati fungani (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) za kukarabati reli. Hapo napo pana hatari: mwaka 2020, watu walipobaki nyumbani, safari za teksi na nauli za treni zilishuka kwa pamoja. Anayekopa kwa tozo hii akope chini ya makusanyo ya mwaka mbaya, si ya mwaka mzuri.

Dhana: Kiwango kimoja kwa wote ndiyo haki.

Kiwango kimoja humuumiza zaidi anayekwenda karibu kwa nauli ndogo, na hakitofautishi gari lenye abiria mmoja katikati ya jiji na lile lenye watatu pembezoni. Kuanzia 2020 Chicago ilitoza dola 1.25 kwa safari ya pekee na senti 65 kwa ya kushirikiana, yaani gari moja kubeba abiria walioagiza kila mmoja kivyake. Katikati ya jiji, siku za kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, ikawa dola 3 na dola 1.25. San Francisco ilichagua asilimia: 3.25 ya nauli, na 1.5 kwa safari za kushirikiana au za magari ya umeme.

Punguzo hilo huvuja kirahisi. Abiria akichagua kushirikiana halafu asipatikane mwenzake, gari limebeba mtu mmoja kwa tozo ndogo ya safari ya kushirikiana. Sheria itamke kwamba punguzo ni kwa safari ambayo abiria walioagiza kila mmoja kivyake walikuwa garini pamoja, walau kwa sehemu ya njia.

Dhana: Mzigo wote ni wa dereva.

Chicago na New York tozo huongezwa kwenye bili ya abiria. Dereva huumia kwa njia mbili: abiria wachache wakiacha kuagiza, na kampuni ikikata kamisheni juu ya jumla iliyokwisha kujumuisha tozo. La pili linazuilika kwa sentensi moja ya sheria: tozo si sehemu ya nauli.

Dhana: Kampuni zikituma jumla ya mwezi, inatosha.

Jumla haikaguliki. Dai rekodi ya kila safari: saa, eneo la kuanzia na la kuishia, umbali, nauli, na kama ilishirikiwa. Eleza pia mpaka: je, tozo ya katikati ya jiji inamhusu anayeanzia humo tu, au hata anayeshukia humo? Isipoandikwa, kila kampuni itahesabu kwa namna inayoilipisha kidogo.