Lexus LFA: yanayosemwa na yaliyofanyika kweli

Gari likishatengenezwa machache watu wanaanza kulitungia hadithi, na Lexus LFA, gari la mwendo kasi la Lexus ambayo ni chapa ya kifahari ya Toyota, limetungiwa nyingi. Nyingine utani tu, ila kuna ambazo watu wanazirudia kwa kujiamini kabisa kwa hiyo ngoja tuziweke sawa.

"Walitengeneza 500 tu makusudi ili wapige hela"

Hii ndo naikuta kila mahali na ndo iko mbali zaidi na ukweli. Piga hesabu mwenyewe: Marekani bei ilianzia dola 375,000, zidisha mara 500 unapata dola milioni 187.5, na hayo ni mauzo sio faida, hapo hujatoa kazi iliyoanza mwaka 2000 mpaka gari la kwanza kutoka kiwandani Desemba 2010, injini mpya ambayo haikuwekwa kwenye gari lingine lolote la kuuza, na bodi ya kaboni faiba (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa plastiki, nyepesi lakini ngumu) ambayo walianza kwa kujifunza kuitengeneza. Gari la kawaida la familia kulibuni toka sifuri linaweza kumeza hela zaidi ya hizo. Halafu angalia spidi ya kiwanda, pale Motomachi kwenye jiji la Toyota, Japani, yalikuwa yanatoka magari kama 20 kwa mwezi, yaani moja kwa siku ya kazi. Kwa mwendo huo 500 ni miaka miwili, na kweli la mwisho lilitoka Desemba 2012.

"Miaka kumi yote walikuwa wanalala"

Hapana bwana. Mwanzoni bodi ilikuwa ya alumini, na gari la maonyesho lilishaonekana Detroit Januari 2005. Sasa wakati kila mtu anasubiri liingie sokoni, timu ya mhandisi mkuu Haruhiko Tanahashi ikaamua kuachana na alumini na kuhamia kaboni faiba, karibu kuanza upya. Walichopata ni gari jepesi kwa kama kilo 100 kuliko ambavyo lingekuwa kwa alumini, na kwa uzito, asilimia 65 ya bodi ikawa kaboni.

Na hapa ndo kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote. Watu wakisikia limeundwa kwa mikono wanadhani hakukuwa na mashine, wakati nguzo zinazoshika paa zilifumwa na mtambo wa kufuma wa mviringo, nyuzi za kaboni zinazungushwa mpaka zinatoa umbo la bomba. Toyota yenyewe ilizaliwa kwenye mashine za kufuma nguo za Sakichi Toyoda, kwa hiyo ujuzi wa ukoo ulirudi kazini. Mikono ilikuwepo sana tu, injini kila moja iliungwa na fundi mmoja na saini yake ikabaki juu yake.

"Injini ni ya Yamaha, Toyota wamebandika nembo"

Nusu ukweli, na nusu ukweli ndo inasumbua zaidi. Injini hiyo ya V10, yaani ya silinda kumi, ya lita 4.8 ilibuniwa na kampuni zote mbili kwa pamoja, na hawa ni washirika toka enzi za gari la michezo la Toyota 2000GT miaka ya 1960. Wengine wanaenda mbali wanasema ule mlio ni wa spika. Sio spika. Wataalamu wa sauti wa Yamaha walishughulikia namna hewa inavyoingia kwenye injini na mlio wenyewe ukapitishiwa njia maalum mpaka ndani kwa dereva. Mshale wa kidijitali wa kuonyesha mizunguko ya injini nao sio urembo, injini inapanda kutoka mzunguko wa chini kabisa, gari likiwa limesimama, hadi mizunguko 9,000 kwa dakika ndani ya sekunde 0.6 na mshale wa kawaida ulikuwa unaachwa nyuma.

"Bei ile lazima liwe na mbio kuliko yote"

Hapa mashabiki wenzangu mtanisamehe. Kilomita 325 kwa saa sio mchezo, 0 mpaka 100 kwa sekunde 3.7 pia, ila Nissan GT-R ya wakati huo ililipita kwenye kuondoka na bei yake haifiki hata theluthi. Giaboksi ya klachi moja nayo ilikuwa imeshapitwa na wakati siku gari linatoka. Pale hununui sekunde.

"Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, walienda kutafuta rekodi na matangazo"

Rekodi ya kuzunguka uwanja huo mara moja ilikuja mwishoni, 2011, dakika 7 na sekunde 14.64, ila gari la majaribio lilishaanza kushindana kwenye mbio za saa 24 pale toka 2008, bado halijaingia hata sokoni. Na gharama haikuwa ya hela peke yake. Juni 2010 Hiromu Naruse, dereva mkuu wa majaribio wa Toyota na mtu aliyemfundisha Akio Toyoda, rais wa Toyota wakati huo, kuendesha, alifariki kwenye ajali karibu na uwanja huo akiwa kwenye LFA la majaribio.

"Yaliisha siku hiyo hiyo"

Wapi! Marekani mwanzoni walikukodisha kwanza miaka miwili ili usije ukaligeuza biashara keshokutwa yake, na bado miaka kadhaa baada ya kiwanda kuacha kulitengeneza kulikuwa na machache mapya yamekaa kwa wauzaji. Leo yale ya toleo la Nürburgring, ambayo ni 50 tu kati ya hayo 500, yanapita dola milioni moja mnadani, ndo maana watu wanadhani ilikuwa hivyo toka mwanzo.

"Lilipokufa halikuacha kitu"

Karakana ile ile ya Motomachi ilipewa kazi nyingine mwaka 2014, ikaanza kuunda Mirai, gari la Toyota linalotumia haidrojeni.