Simu inayotambua mazingira ni nini, na inahusianaje na usalama mjini?

Simu ya kawaida hungoja kubonyezwa. Simu inayotambua mazingira hujisomea yenyewe: uko wapi, ni saa ngapi, unatembea au uko garini. Kisha huamua la kufanya. Wazo hili si la jana. Watafiti wa kompyuta Bill Schilit na Marvin Theimer waliandika juu yake mwaka 1994, simu janja zikiwa bado hazijaenea.

Chukua utambuzi wa ajali za gari, ambao Apple waliuweka kwenye iPhone 14 mwaka 2022, Google wakiwa wameshawatangulia kwenye simu zao za Pixel. Simu hupima mshtuko, husikiliza kishindo kwa maikrofoni, huangalia kama mwendo umekatika ghafla, na hata hupima shinikizo la hewa, maana mifuko ya hewa ikifumuka ndani ya gari lililofungwa, shinikizo hubadilika. Dalili moja haitoshi, kwani hata simu iliyodondoka sakafuni hupata mshtuko. Zikikutana kadhaa, simu hupiga kengele. Usipoizima, inapiga yenyewe namba ya dharura.

Na hukosea. Mwaka huohuo, simu za watu waliopanda vitreni vya kuporomoka (roller coaster) kwenye bustani ya burudani ya Kings Island, Ohio, Marekani, ziliita huduma za dharura. Kasi, mtikisiko, makelele, breki ya ghafla: dalili zote zilikuwepo, ajali tu ndiyo haikuwepo.

Mimi navutiwa zaidi na mfumo usio na mbwembwe ulioanza Uingereza mwaka 2014. Ukipiga 999, namba ya dharura ya huko, simu huwasha GPS yenyewe na kutuma mahali ulipo kwa ujumbe mfupi. Mnara wa simu peke yake unaweza kuonyesha eneo la kilomita kadhaa tu. Sisi tuliozoea kuelekezana "shuka kituoni, uliza kwa Mangi" tunajua shida ya kumfikia mtu aliyeumia asiyeweza hata kusema.

Safetipin, programu ya simu iliyoanzia Delhi, India, mwaka 2013, husoma mtaa wenyewe: una taa? Una njia ya miguu? Kuna watu wanaopita? Watumiaji huupa alama, na programu huonyesha wapi pa kupita usiku.

Ila simu inayojua haya yote inajua pia unalala wapi. Kabla ya kuruhusu programu ya usalama, angalia kama inatuma mahali ulipo pale tu unapoomba msaada, au mchana kutwa, na anayepokea ni nani.